Mwalimu Malimi wa Idara ya Madini

Kabla ya alfajiri mfuniko wa sufuria uligongagonga jikoni. Nilikuwa nachemsha viazi vya safari. Siku hizi mchimbaji akifa, akili yake huhifadhiwa kwenye mashine ya idara ya uhandisi wa madini chuo kikuu, ifundishe wanafunzi. Sisi wake wa marehemu tunaruhusiwa kuwatembelea mara moja kwa mwaka.

Chuoni, Mhadhiri Nyanzobe alinipa kiti chake mwenyewe, akanishika mkono.

"Bibi, mashine ilihitaji nafasi ya masomo ya miamba. Tumefuta kumbukumbu za mumeo za mambo ya nyumbani. Nisamehe."

Niliisogelea mashine. "Malimi, ni mimi, Kabula."

"Karibu, mama," mume wangu akajibu kwa adabu. "Ukigonga paa la mgodi likalia kama ngoma, toka haraka."

Nilikaa hadi mwisho wa somo, maana sauti ilikuwa yake.

"Unasikiliza kuliko hawa vijana," akacheka. "Njoo tena kunitembelea, mama."