Unga wa Misuli

Muhire aliubwaga mkebe juu ya meza ya Twizeyimana kwa kishindo, hata vijana waliokuwa wakinyanyua vyuma uani wakageuka.

"Hii unga yako iko bure," alisema. "Tazama shati."

Akashika kitambaa cha kifuani na kukivuta mbele. Shati la samawati lilimpwaya. Ungeweza kumtia mtu wa pili humo ndani. Miezi yote ile ya kukoroga unga kwenye maziwa na kuumeza huku roho ikimchefuka, na bado nguo zinazidi kumlegea. Kama huo si wizi, ni nini?

Twizeyimana, mwenye ule ua wa mazoezi wa Nyamirambo na muuzaji wa unga wenyewe, alimtazama mabega, akamtazama shingo, kisha akamtazama usoni kama mtu anayetafuta ulipo utani.

"Ile benchi ulivunja juzi," aliuliza, "ilivunjwa na shati?"

Muhire akamjibu kuwa mbao za benchi lile zilikuwa zimeoza, kama kila kitu mahali pale. Hakuwa na hamu ya masihara. Yeye alikuwa bawabu wa baa, na mwanzo wa mwaka mlevi mmoja, tena kibushuti, alimnyanyua mbele ya wateja akamtupa barabarani. Mtaa mzima ulicheka. Siku hizi madereva wa pikipiki wakimwona humwita Nzovu, yaani tembo, naye alijua wanamdhihaki. Aliwachukia wote. Nyumbani kwake kulikuwa na kioo kimoja tu, cha kunyolea ndevu, kinachoonyesha kidevu na mashavu. Shahidi wake alikuwa shati, na shati lilisema bado ni mwembamba.

Huko nyumbani nako kulikuwa vita. Mkewe, Lillian, fundi cherehani, aliuchukia unga ule kuliko mwanamke anavyoweza kumchukia mke mwenza. Mkebe wa kwanza aliumwaga mtaroni. Wa pili aliufungia kabatini, na Muhire akavunja kufuli. Mwishowe Lillian alimburuta mumewe mpaka zahanati. Muuguzi akampima, akasema presha iko juu na figo zimeanza kuchoka, na kwamba unga wa namna ile si wa kila mtu. Mwenye figo kama zake anakunywa sumu, hasa alivyonenepa kwa kasi vile.

Aliposikia kunenepa, Muhire alitamani kumtemea mate. Sare za muuguzi yule zilishonwa na Lillian, barazani kwake. Ni wazi kwamba wanawake wale wawili walikuwa wamekwisha kupanga maneno.

Waliporudi, Lillian alisimama mlangoni akamwambia neno moja tu.

"Sikio la kufa halisikii dawa. Kunywa, Baba Keza. Mimi nimenyamaza."

Na kweli alinyamaza. Mkebe hakuugusa tena. Walikula wamepeana migongo, wakalala wamepeana migongo. Mashati ya mumewe aliendelea kuyafua, kuyapiga pasi na kuyatundika bila kusema lolote, na Muhire akajua kwamba mwanamke ameshindwa. Alifurahi, ingawa furaha yenyewe ilikuwa chungu.

Sasa Twizeyimana aliusukuma mkebe ukarudi upande wa Muhire. Hakuwa tena na uso wa utani.

"Kama mwili inakataa, acha. Hii kitu si ya kila mtu. Siku ya kwanza nilikuuliza kama figo iko mzima, ukaapa iko mzima."

Kuacha. Rahisi kusema kwa mtu ambaye hajawahi kuokotwa barabarani na wateja wake mwenyewe. Muhire akataka kujua, kwa ukali, kama anaweza kuongeza kipimo. Twizeyimana akakataa kabisa. Vijiko viwili kwa siku ndio mwisho, na kwake yeye hata hivyo viwili ni vingi. Wakatukanana wazazi. Muhire akamwita mwizi mbele ya vijana wote, mtu waliyekua naye mtaa mmoja, wakachezea mpira mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, akaukwapua mkebe akatoka.

Kwenye bomba la nje aliukoroga unga kwa hasira, bila kupima, mpaka maji yakawa mazito kama uji wa mgonjwa. Akanywa wima, hadi tone la mwisho, akimwangalia Twizeyimana usoni kupitia dirisha. Kisha akaanza kuupanda mlima kwenda kwake.

Nusu ya njia moyo ulianza kumpiga mbavu. Alisimama, akapumua, akaendelea. Alipofika kwenye uzio wa nyumba yake masikio yalikuwa yakivuma na vidole vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alitaka kumwona mkewe, hata kama atamgombeza.

Mlango ulikuwa wazi. Lillian alikaa kwenye kiti cha cherehani akiwa amempa mgongo, simu ameibana kwa bega, wembe mkononi. Mapajani mwake lilikuwepo shati jeupe la Muhire, limegeuzwa ndani nje, nyuzi za ubavuni zimefumuliwa kutoka kwapani hadi kwenye pindo.

"Karibu atakata tamaa, dada," alikuwa akisema, kwa ile sauti ya upole ambayo Muhire alishaisahau. "Kila nikifua, ninafumua, ninaongeza kipande. Anavimba kama ng'ombe, na yeye anaona anakonda. Akishaona unga haumsaidii, ataacha mwenyewe, na atapona."

Nyuma yake, Muhire alishika mwimo wa mlango, akafungua mdomo amwite, na sauti haikutoka.