Nyuzi za Chupa

Fundi Shebughe alimaliza kufunga nyuzi kwenye raketi ya pili ya Nasra, akauvuta uzi mmoja kwa ukucha asikie kama umekaza. Nyuzi hizo zilitengenezwa kwa chupa za plastiki zilizookotwa mtoni, mto uleule uliomchukua mkewe, Mwanaidi, akiokota chupa.

"Zile za kwanza zinachezaje?"

"Mpira unatoka na nguvu, na mwezi mzima hazijalegea," alisema Nasra. "Ila nikipiga, zinalia kama mwanamke anayeitika."

Fundi alicheka kidogo. Kisha akaita kwa upole, kama alivyozoea kumwita kutoka barazani, "Mwanaidi."

Raketi ilikuwa mezani, hakuna aliyekuwa akiigusa. Nyuzi zikatetema: "Abee."

Nasra alinyoosha mkono aichukue. Fundi alikuwa ameshaikumbatia, na shati lake lilikuwa linalowa maji kifuani.