Mkalimani wa Mashine

"Hivi huko kazini kwenu, kuna hata mmoja unayemwona ana akili?" jirani alimwuliza siku moja. Mkuu wa maabara alifikiri kwa haki kabisa, akakosa wa kumtaja.

Leo pia hakumwona. Alichokiona ni soksi zilizotoboka za fundi, aliyepiga magoti nyuma ya mashine ya kupimia damu. Alikuwa ameigeuza ikatazama ukuta, apate kulifikia tundu la waya mgongoni mwake.

"Hii ni ya zamani, mama. Inaongea na mmoja tu, herufi moja moja. Kisanduku hiki ndicho mkalimani wake. Majibu yatakwenda wodini yenyewe, kwa mtandao."

"Mkalimani mwenyewe kama kipande cha sabuni!" Mkuu wa maabara akafungua chupa nyingine ya maji, akaigugumia.

Mganga mkuu alishasema: jibu likifika limepotoka, mgonjwa atapewa dawa ya kumuua. Fundi akikosea leo, asirudi tena. Mkuu wa maabara aliliombea hilo kuliko alivyoombea riziki.

Mara ya kwanza kompyuta ya maabara, iliyotakiwa kuonyesha majibu, ilikaa kimya.

"Nimeunganisha mdomo kwa mdomo," fundi akasema, akibadilisha nyaya. "Mdomo wa huyu unatakiwa uende kwenye sikio la yule."

"Na wako uende kwenye kufuli. Haya, tupime sukari. Tumia damu yangu, naijua, sukari yake haizidi sita. Mimi si kama wale wagonjwa walafi wa wodini."

Akajitoa damu, akaitia kwenye mashine kwa juu. Kompyuta ikaandika: ishirini na sita.

Simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa wodini. "Mkuu, huyu mwenye ishirini na sita ni nani? Tumtandikie kitanda?"

"Mtandikieni fundi!" Akabwaga simu. "Umesikia? Mkalimani wako mwongo kama wewe."

Fundi akakagua waya mmoja mmoja, akarudia kipimo. Ishirini na sita.

"Labda nimekosea mimi, mama."

"Labda? Debe tupu we! Ngoja nikuonyeshe mashine ilisema nini kabla hujaitia uongo wako."

Akaikumbatia mashine kwa mikono miwili, akaigeuza uso kutoka ukutani.

"Imesemaje?" fundi akauliza, ameshaanza kukusanya vyombo vyake.

Kwenye kioo cha mashine yenyewe, pasipo waya wala mkalimani: ishirini na sita. Mkuu wa maabara akafungua mlango, akashika njia ya wodini, chupa ya maji mkononi.