Gunia la Punda wa Fisi

Usinibenulie mdomo kabla sijasema. Fisi alikuwa na punda wa kubebea maji ya kuuza, na madumu yalikuwa yamemchuna mgongo mpaka nyama.

Bata, asiyejua kunyamaza, akamwambia, "Bwana Fisi, mtandikie gunia."

"Punda mwenyewe hajalalamika, Bibi Bata. Nenda kaatamie mayai yako."

Bata akapita nyumba kwa nyumba. "Jamani, maji yanayochuruzika juu ya kidonda mnayapikia?"

Siku hiyo Fisi alirudi kutoka kuuza na madumu yote yamejaa. Kesho yake punda akatoka ameoshwa kidonda, ametandikwa magunia mawili.

Na wewe, punda wako wa maji nimemwona mgongo hapo nje. Gunia hili nakuachia. Mimi naanzia kwa jirani yako, na mlango nitaufunga mwenyewe.