Chai ya Posa ya Tavga

"...mahema! Eti Mkurdi maana yake mkaa mahemani! Unanitukania ukoo ndani ya nyumba yangu?"

Yaani Mzee Nawzad alivyoruka pale zuliani, kilemba kikamwangukia puani! Mji mzima wa Sulemaniya unajua: mguse popote, usimguse jina la Wakurdi. Kwake Mkurdi maana yake shujaa, basi. Alishawahi kutoka kwa kinyozi na ndevu upande mmoja kwa ubishi huo huo.

Na Mzee Fatah, jamani, kaona abishane siku anamposea mwanawe Rebin! Rebin mwenyewe kajikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Mara mbili wameleta posa kwa Tavga, binti wa Mzee Nawzad, mara mbili baba mtu kaguna, "Tutaona," wageni wakaondoka na kiu. Maana posa kwetu ni hivi: chai inawekwa, haiguswi. Mwenye nyumba akisema "kunyweni", binti katolewa. Asiposema, mnakwenda zenu.

"Wachunga mbuzi," Mzee Fatah akaendelea, taratibu kabisa. "Vitabu vya zamani ndivyo visemavyo."

"Vitabu gani? Viliandikwa na nani, mbuzi?"

"Hata babu yako alikuwa na hema."

"Lilikuwa hema la shujaa!"

Tavga akapita na sinia, macho chini, akaweka vibilauri vingine vya moto.

"Mwanangu," mama yake akanong'ona, "safari hii hata 'tutaona' hatuisikii."

Mzee Fatah akafungua mdomo ajibu. Akakohoa. Akakohoa tena, kajishika koo, kidole juu: jibu lipo, sauti haitoki.

"Usinikimbie!" Mzee Nawzad akamsukumia bilauri. "Kunywa! Kunywa chai hiyo unijibu!"

Mama mtu akashika mdomo: neno limetoka.

Mzee Fatah akanywa. Yote. Vigelegele vya mashangazi kutoka jikoni vikawarusha njiwa darini.

Mzee Nawzad akaichungulia bilauri tupu. Lakini shujaa halambi matapishi yake. "Haya, mmeoa," akasema kwa taabu. "Ila sijamaliza na wewe! Mkurdi ni shujaa!"

"Tutaona," akajibu Mzee Fatah.

Mlangoni, akivaa viatu, akamwinamia Tavga. "Mkwe wangu, nimesema vizuri yale ya mahema? Ulimi ulikuwa unaniwasha. Mimi mwenyewe najua sisi ni mashujaa."

"Vizuri sana, baba, ila kikohozi umekizidisha," Tavga akamnong'oneza. "Ya kupunguza mahari nitakufundisha kesho."