Sufuria ya Hitma

Wanawake saba waliizunguka sufuria ya pilau kana kwamba ndiyo maiti. Ilikuwa imefungwa mnyororo kwenye nondo za dirisha la jikoni, na ufunguo haujulikani uliko.

"Nabiha, wewe ndiye uliyeifunga, hebu kumbuka!" alifoka shangazi. "Mchele ushaoshwa, na wasomaji wa hitma wako njiani!"

Nabiha alipekua pindo la leso, akapekua hata kibweta cha udi. Aliifunga miaka mitatu iliyopita, kakake alipong'oa mifereji ya bafuni akaiuza kwa ajili ya unga wa kulevya, nyumba nzima ikaoga kwa kata. Sasa kaka kazikwa juzi, na bado anawachelewesha.

Akabisha hodi teja mmoja, rafiki wa marehemu, aliyekuja kutoa pole na, tusidanganyane, kula. Aliitazama kufuli, akaomba pini ya mtandio. Kufuli ikafunguka kabla shangazi hajamaliza kumlaani.

"Nani kakufunza?" Nabiha aliuliza.

"Marehemu, dada. Kwa kufuli hii hii. Siku hiyo nyote mlikuwa harusini Tudor."

"Na mbona hamkuiuza?"

Teja alijikuna shingo. "Mimi nilitaka. Yeye aliifungua, akaitazama, akaifunga tena. Akaniambia, hii iache, ndiyo nitakayopikiwa hitma yangu."

Shangazi akaketi juu ya gunia la mkaa.

Nabiha aliishika sufuria sikio moja. "Shangazi, ongeza mchele," alisema. "Na wewe, kawaite wenzako."