Kichupa cha Maji Matupu

Vichupa vyote vilikuwa pinki tena.

Okwi alivimwaga kimoja kimoja kwenye sinki, akavisugua kwa brashi. Tangu Pasaka hajaosha hata kimoja cheupe. Darasa la tatu ndilo lilikuwa mwisho wake, lakini maana ya pinki aliijua. Katika maabara hii ya mradi, hapa Amagoro, mboga hukaushwa, husagwa, hulowekwa, kisha maji yake hutiwa dawa. Nitrati, ile sumu ya mbolea, ikiwemo, maji hugeuka pinki. Ikizidi, damu ya mtoto mchanga hukosa hewa, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Na bado kila mkulima aliyeleta mboga tangu Pasaka alipewa karatasi iliyoandikwa SAFI.

Wanatufunga macho, Okwi alijiambia. Mbolea waligawa wakubwa hao hao wa mradi, watakubali vipi kwamba inaua? Hata mke wake Petronilla alifia kwenye foleni ya hospitali, ameshika karatasi yenye muhuri.

Aliufunga mtungi wake wa lita ishirini, akauweka karibu na mlango. Hicho tu ndicho alichowahi kupata kwa wakubwa: ruhusa ya kuchota maji kwa bomba la mradi, lile lililoandikwa MAJI SAFI ukutani. Kule kwao ng'ombe walikuwa wanaingia kwenye kijito mpaka tumboni.

Kisha akatoa kifurushi mfukoni. Mboga ya dodo, yaani mchicha, imekauka juu ya bati mpaka inavunjika.

"Pima hii," akamwambia Hillary, fundi wa maabara. "Na leo nataka kukuona ukipima."

"Mzee, wewe si kazi yako ni kuosha vyombo?"

"Na wewe kazi yako ni kuosha wakubwa. Pima."

Hillary alicheka. Alipouona uso wa mzee, akaacha.

"Kuna nini?"

"Mjukuu wangu, yule tulimpa jina la bibi yake. Miezi miwili. Midomo imekuwa rangi ya majivu, kucha pia. Kliniki wamesema ni ule mchuzi wa mboga tulikuwa tunamwonjesha. Lakini bila karatasi ya maabara hawampi dawa. Eti wanataka ushahidi!"

"Mmeacha mchuzi?"

"Tangu Jumatatu. Sasa ni maziwa ya kopo peke yake, na maji mama yake, Akiteng, anachemsha mara mbili, vile nesi alisema."

"Na anapata nafuu?"

"Anazidi kuugua."

Hillary akavuta kinu. Alisaga dodo, akapima unga kwenye mizani, akakinga maji ya bomba kwenye chupa kubwa.

"Siku hizi hutumii yale ya mashine?" Okwi akauliza.

"Ile ya kutonesha maji yabaki matupu iliungua wakati wa Pasaka. Mkubwa akasema kununua ingine ni hasara, tutumie haya ya bomba, ya kisima cha mradi."

"Hasara! Gari lake lina matairi mapya."

Walingoja nusu saa. Hillary akachuja, akajaza vichupa viwili, akatia dawa vyote, akavifunika kwa kitambaa cheusi. Baadaye akakiingiza cha kwanza ndani ya mashine, akashusha kifuniko, akabonyeza. Sufuri.

"Hicho ni cha dodo?"

"Hapana, hicho ni kitupu. Hakina mboga. Ni cha kuonyesha mashine sufuri iko wapi." Akaingiza cha pili. Sufuri tena. "Mzee, shangilia. Mboga yako ni safi."

"Muongo!" Okwi alipiga meza, vichupa vikalia. "Mimi ndiye naviosha! Miezi yote hii mnawaandikia watu safi, na vichupa ni pinki. Vitoe hapa nje nione."

Hillary akavitoa, akavinyanyua dirishani. Vilikuwa pinki vyote viwili, kama mapacha.

"Tazama basi. Vimefanana. Maana yake mboga haikuongeza kitu chochote juu ya..."

Akakisogeza kile kitupu, cha mkono wa kushoto, karibu na macho. Akakigeuza kwenye mwanga.

"Juu ya nini?" Okwi akauliza. "Wewe kijana, hicho ulisema kina nini ndani?"

"Maji," Hillary akasema polepole. "Maji matupu."

Simu ya Okwi ikalia. Alikuwa Akiteng, na sauti yake ilikuwa na furaha kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Papa, usigombane na watu wa karatasi, rudi tu nyumbani. Nimemkorogea maziwa na yale maji yako ya bomba, amemaliza chupa nzima. Amelala vizuri sana, hata nikimwita hasikii."